Aliyemnywesha Rayko

Bistra Nanova si mtu wa ugomvi. Nakaa naye mlango kwa mlango, ghorofa ya tatu, na tangu ahamie hapa sijawahi kumsikia akipandisha sauti, hata kwa wale vijana wa ghorofa ya chini wanaopiga ngoma Jumapili asubuhi. Ni fundi wa mapazia. Kila dirisha la heshima hapa Lom, mji wetu wa kando ya Danubi, limepita mikononi mwake. Kwa hiyo nikikuambia kwamba mwanamke huyu alimuua mtu mzima kwa karatasi na gundi ya unga, usidhani nimechanganya majirani. Gundi yenyewe niliikoroga mimi, Ginka, kwa mwiko wangu, na sijutii hata chembe.

Lakini kwanza vitabu. Pale kwenye meza ya kukatia vitambaa, wateja wasipokuwepo, Bistra aliandika riwaya. Mjini walimcheka mpaka walipoziona zinauzwa hadi mji mkuu, Sofia, ndipo kila mtu akakumbuka kwamba siku zote alimwona ana kipaji. Zote zinamhusu mzamiaji mmoja wa mto Danubi anayeitwa Rayko, kijana mrefu wa masikio makubwa, anayefanya kazi kwenye chombo cha kuchimba mchanga na ana msimamizi mkorofi. Kila kitabu anaibua kitu kutoka chini ya mto: mara kengele ya kanisa, mara gari lenye siri, mara mtu. Wanawake wanampenda, polisi hawamtaki, na popote panapomiminwa rakia, pombe yetu kali ya matunda, yeye anaomba mtindi. Wakimtania anasema mto haupendi walevi. Wasomaji waliona ni kichekesho. Wapo waliotengeneza fulana zenye picha ya glasi ya mtindi wakazivaa hadi harusini.

Sisi wa Lom tulijua masikio yale ni ya nani. Yalikuwa ya Luben, mdogo wake Bistra, mzamiaji kweli, aliyekufa siku ya baridi kali chini ya chombo cha kuchimba mchanga, msimamizi wake akiwa Stamen Gochev. Stamen aliwaapia wakubwa kwamba Luben alishuka majini amelewa. Maiti ilikutwa ikinuka rakia, na hilo likatosha. Wakubwa waliandika ripoti, mji ukasikitika kidogo, kisha ukaanza kutania. Mama yao aliacha kwenda kanisani kwa aibu, na aibu hiyo akafa nayo. Bistra peke yake ndiye aliyeendelea kusema kwamba mdogo wake hakuwahi kunywa, kwamba hata keki yenye pombe ilimtapisha. Watu walimjibu kwamba dada hawezi kusema vingine.

Ndipo akaanza kuandika. Kitabu baada ya kitabu, Rayko anasukuma glasi pembeni. Wenzangu walisoma kutafuta hazina na mapenzi, mimi nilisoma nikihesabu zile glasi, maana nilijua kila moja iliandikwa kwa ajili ya nani. Yule alikuwa dada anayewajibu wakubwa kwa njia pekee aliyobakiwa nayo. Kwenye kitabu cha mwisho akamzamisha Rayko, akamzika vizuri, padri akasema maneno mazuri ambayo Luben hakuyapata. Siku alipomaliza sura ile alikuja kwangu macho yamevimba akaniambia, "Sasa amelala." Nikamtengenezea chai.

Wasomaji hawakukubali. Unajua kwamba siku hizi kuna mahali mtandaoni ambapo watu huchukua wahusika wa vitabu wanavyovipenda na kuwaandikia maisha mengine. Rayko alifufuliwa kabla hata hajapoa. Wakamwoza muuguzi, wakamwoza mwanamke wa forodha, wakamwoza hadi yule kamishna wa polisi mwenye sharubu. Bistra alikuwa ananisomea tukicheka mpaka mbavu zinauma.

"Jamani, ana bahati kuliko alipokuwa hai," alisema.

Aliwahi kwenda mji wa Vidin kwenye mkutano wa waandishi, na jambo hilo likazuka. Mwandishi mmoja wa hadithi za kipelelezi alifoka kwamba hasomi hata mstari, kwani siku akiandika jambo linalofanana na la msomaji ataambiwa kaiba. Mwingine alisema anahisi kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta wageni wamehamisha vitanda. Mama mmoja wa vitabu vya watoto alikuwa mwekundu kama pilipili, maana sungura wake alikutwa mahali pabaya na mbweha. Bistra aliniambia alikaa kimya, akawaona wanajikuza. Ni mapenzi tu, alisema, mtu asiyependwa haandikiwi. Nikakubaliana naye, na wote wawili tulikuwa wajinga.

Hadithi iliyotufungua macho ilitoka kwa mtu aliyejiita Binti wa Mto. Juu kabisa ilianza na maneno ambayo wengi wao huyaweka: *Wahusika si wangu. Nimewaazima tu, kwa mapenzi.* Rayko anaokolewa. Yuko hospitali, msimamizi wake amekaa pembeni ya kitanda, analia. Rayko anamshika mkono na kumwambia: nilikuwa nimekunywa, bosi. Nilikuwa nakunywa kila siku, mtindi ulikuwa wa kufichia harufu. Kosa ni langu, nisamehe. Msimamizi anambusu kwenye paji la uso na kumsamehe.

Bistra alinisomea mpaka hapo, akafunga simu. Hakulia. Uso wake ulikuwa umekauka kabisa, na mkono ulikuwa unapapasa meza kama anatafuta mkasi.

Hadithi ile ilipendwa kupita kitabu chenyewe. Watu walisema hatimaye Rayko amekuwa binadamu. Mwezi uliofuata maktaba yetu ilimwalika Bistra kusaini vitabu, nikaenda naye. Msichana wa kwanza tu kwenye foleni akamuuliza, "Kwa nini ulituficha kwamba Rayko ni mlevi?" Akauliza kwa upole, akitabasamu. Kabla Bistra hajajibu, mwanamke mmoja wa safu ya mbele akasimama, amefurahi, mashavu yanang'aa.

"Samahani, hilo ni kosa langu. Binti wa Mto ni mimi."

Alikuwa Ivelina Gocheva, mwalimu wa chekechea. Binti yake Stamen.

"Nani alikuambia anakunywa?" Bistra akamuuliza.

"Baba. Yaani, si kuhusu Rayko, kuhusu... unajua, Bi Bistra. Nimevisoma vyote, vingine mara mbili mbili. Nimekua na Rayko. Nikaona umembebea yule msimamizi kinyongo kitabu hadi kitabu. Nikataka niwapatanishe. Nilidhani utafurahi."

"Ifute."

"Eh?"

"Hiyo hadithi. Ifute leo."

Ivelina akacheka kidogo, akawatazama wenzake. "Lakini ni hadithi tu, Bi Bistra. Ukishaitoa dukani, Rayko ni wetu sote. Wewe huwezi kumfungia kabatini."

Wakapiga makofi. Kwenye maktaba yetu, mbele ya dada wa marehemu, walimpigia makofi binti wa Stamen. Nilitaka kurusha kiti, na ningekirusha kama Bistra asingenishika kiwiko na kunitoa nje.

Mwanasheria alimwambia hakuna la kufanya. Aliyekufa hachafuliwi jina, na Rayko hakuwahi kuwepo. Siku kadhaa Bistra alishona tu mapazia yake. Halafu asubuhi moja, siku ya soko, akagonga kwangu.

"Ginka, una unga?"

"Wa keki au wa mkate?"

"Wa kubandikia."

Akanionyesha karatasi alizotoka nazo kwenye duka la kopi la stesheni. Hapa kwetu mtu hajafa mpaka abandikwe. Tangazo la msiba, msalaba juu, picha katikati, jina chini, linawekwa kwenye geti lake, kwenye mlango wa duka la mikate, kwenye kituo cha basi, kwenye miti. Arobaini inabandikwa, mwaka unabandikwa, wengine wanabandikwa miaka ishirini mfululizo na mbwa wao wanawasahau lakini mti hauwasahau. Wala hakuna anayebandua. Mvua ndiyo inabandua. Mwenye duka la kopi hamuulizi mtu cheti, kwa sababu nani atadanganya kuhusu msiba?

Picha ilikuwa ya Stamen Gochev, anacheka, amekumbatia tikitimaji. Bistra aliitoa kwenye ukurasa wa Ivelina. Chini yake aliandika hivi: *Kwa huzuni kubwa tunawatangazia kwamba ametutoka mpendwa wetu Stamen. Kabla ya kufumba macho alikiri kwamba Luben Nanov hakuwa amelewa. Alikiri kwamba pampu ya hewa ilizimika kwa uzembe wake Stamen, na kwamba yeye mwenyewe aliimwagia maiti rakia kabla watu hawajafika. Mungu amsamehe.* Na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: *Mhusika si wangu. Nimemwazima tu, kwa mapenzi.*

Nilisoma nikakaa chini. "Shoga, hii ni laana. Mtu yuko hai."

"Ni hadithi tu," akasema.

"Na hayo ya pampu umeyatoa wapi?"

"Nimeyabuni. Si ndiyo kazi yangu? Wao wamemwandikia mdogo wangu mwisho wanaoupenda, na mimi nimemwandikia mzee wao."

Sitakudanganya kwamba nilimkataza. Nilichemsha maji, nikakoroga. Tukatoka mchana kweupe, yeye na karatasi, mimi na ndoo, watu wakatusalimia na kutupa pole. Tulianza na geti lake Stamen mwenyewe. Mbwa alibweka, nikamwambia anyamaze, ana msiba.

Kufikia alasiri watu walikuwa wameanza kwenda kwa Stamen kutoa pole. Nami nilirudi pale, sikutaka kusimuliwa. Bistra alikuja pia, amevaa nguo nyeusi, ameshika maua ya idadi ya jozi kama inavyompasa marehemu, maana aliye hai hupewa ya witiri. Mbele ya wote alikuwa Bibi Tota wa mtaa wa kanisa, ambaye hakosi mazishi hata ya adui, amebeba bakuli la ngano iliyochemshwa, ile ya kumwombea marehemu, sukari imemwagwa juu vizuri. Akagonga.

Stamen akafungua mwenyewe, amevaa suruali ya mazoezi, kitunguu mkononi, alikuwa anakula.

Bibi Tota alimtazama juu mpaka chini, akavuta pumzi, akachota kijiko. "Mungu amsamehe," akasema, akamnyooshea.

"Amsamehe nani?"

"Wewe."

"Bibi, umerukwa na akili? Mimi mzima!"

"Hilo naliona, mwanangu, lakini ngano nimeshachemsha. Sirudi nayo nyumbani. Kula."

Watu wakaanza kuguna, mmoja akacheka kwa woga, na Stamen akauona umati wote, maua yote yale ya jozi. Akatoka hadi getini. Akajiona yeye na tikitimaji lake. Mwanzoni alitukana kwa sauti, tena matusi ya bandarini, na nilifurahia kila moja. Kisha akasogeza uso karibu na karatasi na kuanza kusoma ya chini. Midomo ilikuwa inacheza. Ghafla ikaacha. Rangi ikamtoka usoni, kitunguu kikaanguka.

Akageuka kwetu. "Nani aliona?"

Bibi Tota akarudisha kijiko kwenye bakuli.

"Nauliza, nani aliona? Nilikuwa peke yangu pale juu! Hakuna mtu aliyekuwepo nilipo..."

Akanyamaza, lakini alikuwa amechelewa. Ivelina alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake na taulo la vyombo begani. "Baba?" akasema. "Ulipofanya nini, baba?"

Nikamtazama Bistra. Alikuwa ameyakumbatia yale maua mpaka mabua yamevunjika. "Nilibuni," akanong'ona. "Ginka, haki ya Mungu, nilibuni tu." Kisha akasimama wima. Nilimwona furaha ikimpanda, furaha mbaya, kali, ya mtu aliyeingojea muda mrefu, na sikumwonea aibu. Hata mimi ilikuwa imenipanda.

Stamen aliingia ndani akafunga mlango na komeo. Ngano ililiwa pale pale barabarani. Kila aliyechota kijiko alisema Mungu amsamehe, lakini sasa walikuwa wanamtajia Luben, na wengine walimgeukia Bistra wakamwomba radhi. Yeye akawapita. Aliweka maua yake kwenye geti, akaondoka.

Polisi alikuja kumuuliza Stamen kama anataka kushtaki. Hakutaka, kwa sababu ingebidi lile tangazo lisomwe kwa sauti mbele ya hakimu. Kulibandua hakuthubutu yeye wala jirani, nani atie mkono kwenye karatasi ya marehemu? Likakaa pale na jua na vumbi, Stamen akapita kando yake kila alipokwenda kununua mkate, na kwenye duka la mikate akakuta jingine.

Ivelina alikuja dukani kwa Bistra siku chache baadaye. Nilikuwepo, nashikilia kitambaa. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

"Nimeifuta," akasema.

"Nimeona," Bistra akajibu, akiendelea kupima. "Imenakiliwa kila mahali. Jana nimeikuta imetafsiriwa Kiromania. Huko nako mdogo wangu amelewa."

"Nifanye nini, Bi Bistra? Niambie tu."

"Andika sura inayofuata. Rayko asiokolewe, na msimamizi amwage hiyo rakia juu yake. Na juu uweke jina lako, Ivelina Gocheva, si binti wa mto gani sijui. Huyo msimamizi hukumwazima popote, yule ni wako."

"Ni baba yangu."

"Najua ni nani."

Ivelina akashika ukingo wa meza. Nilidhani atamtemea mate. Lakini aliondoka, na akaandika. Na aliandika vizuri, lazima niseme ingawa inaniuma. Alimweka baba yake mzima mzima mle ndani: anavyonawa mikono hadi kwenye viwiko, anavyopiga mluzi akiwa anadanganya, anavyokaa siku zote na mgongo kwa mto. Alimweka anaimwaga ile chupa na kulia, tena anamlaza Rayko kichwa vizuri kabla ya kummwagia. Hakumtetea. Hakumfanya shetani pia. Bistra alisoma mara moja, akasema, "Huyo ndiye," basi.

Wasomaji ndio hawakukubali. Walisema msimamizi wanayemjua wao hawezi kufanya hivyo. Wengine walisema anaweza kufanya makubwa zaidi, na wakaanza kuonyesha. Siku hizi Stamen, kwa jina jingine na mluzi ule ule, amekuwa mali ya kila mwenye simu. Kuna aliyemfanya muuaji wa kukodiwa. Kuna aliyemtia gerezani na kumwandikia mateso, polepole, kwa raha zake. Na kuna mmoja, anayependwa kupita wote, aliyempa binti mdogo ili apate mtu wa kumpiga kwa mkanda.

Ivelina alipanda ngazi zetu akikimbia, viatu vyepesi vya ndani vya chekechea miguuni, hajavaa hata kofia. Nilifungua mlango niliposikia anavyougonga wa mwenzangu. Bistra alikuwa ndani, anakata kitambaa cheupe cha mteja.

"Hajawahi kunigusa!" Ivelina alikuwa anapiga kelele, simu imenyooshwa mbele. "Bi Bistra, haki ya Mungu, hajawahi kuninyooshea hata kidole! Alikuwa ananisuka nywele! Ni mwongo, ni mwoga, alifanya alichofanya, lakini hili hakulifanya! Na watu wanasoma, wazazi wa watoto wangu pale shule wanasoma, wananitazama kwa huruma! Huyu mtu hata hamjui baba yangu, ameyatoa wapi?"

Akaangukia kiti. Nilimhurumia, kidogo, kidogo sana, nikataka kumletea maji. Bistra akaninyooshea mkono nisisogee. Aliweka mkasi chini, akavuta kiti chake, akaketi mbele ya yule binti magoti yakikaribia kugusana, kama mtu aliyealikwa kusikiliza jambo zuri.

"Nisomee," akasema.

"Nini?"

"Hiyo ya mkanda. Yote. Nataka kuisikia kwa sauti yako."

Ivelina akamtazama. Halafu akainamisha uso kwenye simu na kuanza kusoma. Alisoma baba anavyoingia amelewa, anavyofungua mshipi wa suruali, anavyomwita binti yake kwa jina. Hapo machozi yakadondoka kwenye kioo, akakipangusa kwa mkono wa sweta na kushindwa kuona herufi.

Bistra akangoja mpaka alipomaliza kupangusa.

"Endelea," akamwambia.